Fomu 34A kwanza: jinsi ya kukinga uchaguzi wa Kenya dhidi ya mkono wa nje

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya utafanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaoubeba uchaguzi mabegani: mratibu wa mawakala wa chama katika eneobunge, mtu wa teknolojia kwenye kampeni, mwangalizi wa shirika la kiraia, na hata msimamizi wa kundi la WhatsApp la kijiji lenye watu mia tatu. Kazi ya kukinga uchaguzi haimalizwi na tume ya uchaguzi, IEBC, peke yake. Sehemu kubwa iko mikononi mwa watu hawa, na wengi wao huanza kujiandaa wiki mbili kabla ya kura, wakati ambapo mgeni aliyepania kuharibu ameshakaa humu nchini mwaka mzima.

Kwanza tuelewane mkono wa nje ni nini. Mwangalizi wa Umoja wa Afrika, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki au wa Umoja wa Ulaya aliyepewa kibali na tume si mkono wa nje. Anakuja mchana, anaandika ripoti, anaisoma hadharani. Mkenya aliye Doha au Dubai anayemtumia mgombea mchango ni raia kama wewe. Tunachozungumzia hapa ni kazi ya kificho: serikali au kampuni ya kigeni inayoleta pesa, inayoiba data, inayotunga uongo au inayojipenyeza kwenye mitambo bila mpiga kura kujua ni nani aliye nyuma ya pazia.

Kenya inaujua mkono huo. Kampuni ya Cambridge Analytica ya Uingereza ilifanya kazi katika kampeni za 2013 na 2017, na mwezi Machi 2018 wakuu wake walirekodiwa na kamera ya siri wakijigamba kwa kazi hiyo. Mwaka huo wa 2017, shirika la Privacy International lilionyesha kwamba tovuti na video za kumchafua Raila Odinga zilitengenezwa na kampuni ya matangazo ya Texas. Kisha Februari 2023, waandishi wa habari waliojifanya wateja walifichua genge la Israeli lililojiita Team Jorge, ambalo mkuu wake aliwaonyesha akiwa ndani ya akaunti za Telegram na Gmail za washauri waliokuwa karibu na William Ruto, kabla ya kura ya Agosti 2022.

Wengi wakisikia hayo huwaza mdukuzi aliyeketi ng'ambo akibadilisha tarakimu. Hilo lafaa kuogopwa, lakini si njia rahisi Kenya, kwa sababu kura yetu ni ya karatasi na huhesabiwa kituoni mbele ya mawakala. Kilicho rahisi na cha bei nafuu ni kuwafanya nusu ya wananchi wasiamini hesabu iliyotoka. Kwa hiyo tunaanza na karatasi, na ndiyo hatua tutakayokaa nayo kwa muda mrefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Ishike karatasi, na ujue kuisoma

Matokeo ya urais ya kila kituo huandikwa kwenye Fomu 34A. Za eneobunge zima hujumlishwa kwenye Fomu 34B, na za nchi kwenye Fomu 34C. Mahakama ya Rufani iliamua Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, kwamba matokeo yaliyotangazwa chini hayabadilishwi na mtu wa juu. Mwaka 2022 tume ilienda mbele zaidi: picha za Fomu 34A kutoka karibu vituo vyote 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti ya wazi ambapo mtu yeyote aliye na simu angeweza kuzipakua. Hiyo ndiyo kinga kubwa kuliko programu yoyote ya kununuliwa, kwa sababu haihitaji umwamini mtu.

Mpange wakala mmoja kwa kila kituo. Zingatia kwamba shule moja inaweza kuwa na vituo vitano au sita, kwa kuwa kituo hakizidi wapiga kura 700. Ongeza wa akiba mmoja kwa kila kumi. Wakala wa akiba alale karibu na kituo usiku wa kuamkia kura, kwa maana vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na wakala anayechelewa hukuta masanduku yameshafungwa kwa lakiri na hakuona kama yalikuwa matupu.

Kila wakala abebe: barua ya uteuzi na kiapo chake kilichotiwa sahihi, kitambulisho, kalamu mbili, daftari, tochi, simu iliyojaa chaji na kichaji cha mkononi, na karatasi yenye namba ya kituo chake. Namba hiyo ina tarakimu 15: tatu za kaunti, tatu za eneobunge, nne za wadi, tatu za kituo cha uandikishaji na mbili za chumba cha kupigia kura. Kwa mfano, namba inayoanza na 001 001 0001 ni ya kaunti ya Mombasa, eneobunge la Changamwe, wadi ya Port Reitz. Wakala aikariri. Majina ya shule hufanana nchi nzima, namba hazifanani.

Hesabu ikiisha, wakala asikimbilie kupiga picha. Aisome fomu kwa utaratibu huu kabla ya kutia sahihi:

1. Namba ya kituo na jina vinalingana na karatasi yake.
2. Idadi ya walioandikishwa inalingana na ile ya daftari lililobandikwa mlangoni.
3. Kura za wagombea wote zikijumlishwa zinatoa kura halali.
4. Kura halali pamoja na zilizokataliwa zinalingana na karatasi zilizotoka sandukuni, na hazizidi walioandikishwa.
5. Tarakimu zinalingana na maneno, kama fomu ina nafasi ya maneno.
6. Kila palipofutwa au kurekebishwa pana sahihi ya msimamizi wa kituo.
7. Namba ya mfululizo ya fomu ameiandika kwenye daftari lake.

Tuchukue mfano. Walioandikishwa ni 612. Mgombea wa kwanza ana 268, wa pili 151, wa tatu 9, wa nne 3. Jumla halali ni 431. Zilizokataliwa ni 4, basi sandukuni zilitoka 435. Sasa tuseme fomu inasomeka 286 badala ya 268: jumla inaruka hadi 449, na tofauti ni 18. Kumbuka hili: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, mara nyingi ni tarakimu mbili zilizopishana, si wizi. Mwombe msimamizi ahesabu upya safu hiyo na arekebishe pale pale mbele ya wote. Kosa dogo kama hilo likiachwa lipande hadi tovutini, kesho asubuhi litakuwa picha yenye duara jekundu inayozungushwa na akaunti elfu moja, nyingi zikiwa hazijawahi kufika Kenya.

Baada ya sahihi, wakala apewe nakala yake, kisha apige picha tatu: fomu nzima kutoka juu bila kivuli, sehemu ya takwimu kwa karibu, na fomu ikiwa imebandikwa mlangoni pa kituo. Hapa ndipo wengi huharibu ushahidi wao wenyewe. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, tarakimu hufifia, na taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani ya faili hupotea. Itumwe kama hati, si kama picha, na jina la faili liwe ile namba ya tarakimu 15. Picha ya asili ibaki kwenye simu. Wakala asiifute hata kama nafasi imejaa.

Kwenye chumba cha kupokea, watu wawili waingize takwimu za fomu hiyo hiyo kila mmoja kivyake, bila kuonana. Zikitofautiana, mtu wa tatu aifungue picha. Halafu ichukuliwe alama ya faili, yaani ule mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotolewa na hesabu ya SHA-256. Kwenye Windows amri ni certutil -hashfile jina_la_faili SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum jina_la_faili. Doa moja likiongezwa kwenye picha baadaye, alama hubadilika yote. Orodha ya alama hizo ichapishwe kila saa mbili na kupewa wakili.

Mwisho, linganisheni picha yenu na ile iliyopo kwenye tovuti ya tume, kituo kwa kituo. Mwaka 2022 ilidaiwa mahakamani kwamba fomu zilidakwa njiani na kubadilishwa na mtu wa nje kabla ya kufika tovutini. Mahakama ya Juu iliagiza ukaguzi, fomu za karatasi zikawekwa kando ya zile za mtandaoni, na haikupatikana tofauti ya maana. Mabishano yaliyokuwa yamewaka wiki tatu yalizimwa na karatasi. Bila karatasi, yangeendelea hadi leo.

Jambo moja kuhusu runinga. Mwaka huo huo vyombo vikubwa vya habari vilijumlisha kila kimoja kivyake, kila kimoja kikianza na rundo lake la fomu, na takwimu zikapishana hewani usiku kucha. Hakuna aliyedanganya, ila watazamaji walianza kushuku. Ukijumlisha hadharani, onyesha kila mara ni vituo vingapi kati ya vingapi na vinatoka kaunti zipi. Afadhali zaidi ni sampuli ya nasibu ya vituo kutoka nchi nzima, kama lilivyofanya kundi la waangalizi la ELOG mwaka 2013, 2017 na 2022, kwa sababu sampuli iliyochaguliwa vizuri haiyumbi kwa kutegemea nani aliwahi kutuma.

Hatua ya 2: Ijue mitambo, na nani ana funguo

Mitambo ya KIEMS inayosoma vidole na kutuma picha za fomu ilitoka Ufaransa mwaka 2017, na mwaka 2022 kazi ilikwenda kwa kampuni ya Smartmatic. Karatasi za kura zilichapishwa Dubai mara ya kwanza, na Ugiriki mara ya pili. Kununua nje si dhambi. Tatizo hutokea pale mkataba unapomwachia muuzaji funguo ambazo mwananchi hawezi kuzikagua.

Mwaka 2017 somo hili liliuma. Mahakama ya Juu iliagiza kumbukumbu za seva zifunguliwe ili zikaguliwe bila kuguswa, na tume haikutimiza agizo hilo kikamilifu. Kukaa kimya kwa seva kukawa mojawapo ya sababu za kufuta matokeo tarehe 1 Septemba 2017. Kwa hiyo chama au shirika lenu liandikie tume mapema, angalau mwaka mmoja kabla ya kura, na kuuliza kwa maandishi:

- Seva ziko nchi gani, na sheria ya nchi gani inazitawala?
- Ni akaunti ngapi zina uwezo wa msimamizi mkuu, na ni ngapi kati yake ni za wafanyakazi wa muuzaji?
- Kumbukumbu za kuingia na kutoka zinaandikwa wapi, na nakala ya kusoma tu itapatikana vipi ndani ya saa 24 mahakama ikiagiza?
- Programu ilifungwa lini, na alama yake ya SHA-256 ni ipi, ili ilinganishwe siku ya kura?
- Vituo visivyo na mtandao wa 3G ni vipi kwa majina, na vitatuma kwa njia gani?

Swali la mwisho watu hulipuuza. Mwaka 2017 vituo zaidi ya 11,000 vilikuwa nje ya mtandao huo, na kuchelewa kwa fomu zake kulizaa kila aina ya uvumi. Orodha ikijulikana miezi mitatu kabla, wakala wa kituo hicho anajua atapanda kilima kipi au ataandamana na msimamizi hadi wapi, na makao makuu yanajua kwamba kimya cha saa sita kutoka huko si cha ajabu.

Wageni wenyewe watajwe. Julai 2022 raia watatu wa Venezuela, mafundi wa Smartmatic, walikamatwa uwanja wa ndege wa JKIA wakiwa na vibandiko vya uchaguzi. Tume ilieleza kwamba ni vya kutambulisha vifaa vyake, lakini maelezo yalikuja baada ya picha kuenea. Tume ingechapisha mapema idadi ya mafundi wa nje, kazi zao na tarehe zao za kuingia, habari ile isingekuwa habari. Idai orodha hiyo.

Hatua ya 3: Funga milango ya akaunti zenu

Machi 2016 mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, John Podesta, alipokea barua pepe iliyojifanya onyo la Google: mtu ana nenosiri lako, libadilishe hapa. Kiungo kilikuwa kimefupishwa. Msaidizi aliyeulizwa akajibu kwamba barua ni halali, na baadaye akasema alikusudia kuandika si halali. Maelfu ya barua za kampeni yaliishia mikononi mwa ujasusi wa kijeshi wa Urusi na kumwagwa hadharani mwezi mmoja kabla ya kura. Kilichotumika ni barua moja ya hadaa, si mtambo wa ajabu.

Zingatieni haya kwa kila mtu anayegusa takwimu, ratiba au pesa, pamoja na dereva wa mgombea na mpwa wake anayeendesha ukurasa wa Facebook:

Nunueni funguo za usalama za USB, mbili kwa kila mtu, moja ya kutumia na moja ya kufungiwa kabatini. Ufunguo huo hukataa kufanya kazi kwenye tovuti bandia hata kama mwenye akaunti amedanganyika kabisa, na hapo ndipo unapozidi namba zinazotumwa kwa SMS. Wasio na funguo watumie programu ya kutoa namba kwenye simu. SMS iwe ya mwisho, kwa sababu mbili: laini inaweza kubadilishwa na matapeli, na ujumbe unaweza kudakwa kupitia udhaifu wa zamani wa mitandao ya simu. Udhaifu huo ndio unaotajwa zaidi katika kisa cha Team Jorge. Kwa laini za Safaricom, piga *100*100# ili laini isibadilishwe kirahisi na mtu mwingine.

Kwenye Telegram wekeni nenosiri la ziada katika uthibitishaji wa hatua mbili. Bila hilo, anayeidaka SMS moja ameshaingia. Kwenye WhatsApp wekeni PIN ya tarakimu sita, na kila Jumatatu fungueni orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kivinjari usichokijua, kiondoe, lakini kwanza piga picha ya skrini.

Na sheria moja ya mdomo: hakuna maagizo ya pesa, ya kubadilisha wakala au ya kutoa tamko yanayofuatwa kwa ujumbe peke yake. Anayepokea apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani na aulize neno la siri la wiki hiyo. Sauti siku hizi huigwa.

Hatua ya 4: Fuata shilingi

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 hairuhusu chama kupokea michango kutoka kwa asiye raia, serikali ya kigeni au shirika la kimataifa. Chama cha nje chenye itikadi sawa kinaweza kutoa msaada wa kiufundi tu, si mali. Vikomo vya matumizi ya kampeni, kwa upande mwingine, vimekuwa kwenye sheria ya 2013 bila kutekelezwa, na pengo hilo ni mlango uliowekwa wazi kwa mgeni. Tunaliona kuwa udhaifu mkubwa kuliko wa seva.

Kwa kila mchango andikeni jina kamili, namba ya kitambulisho, kiasi, tarehe na njia. Mchango wa Mkenya aliye ng'ambo uambatane na nakala ya pasipoti yake ya Kenya. Pesa isiyo na mwenyewe irudishwe kwa njia ile ile iliyoingilia, na barua ya kuirudisha iwekwe kwenye faili. Angalieni zaidi huduma za bure: mshauri kutoka nje anayejitolea bila malipo, kampuni ya data inayotoa majaribio ya miezi sita, matangazo ambayo hakuna ankara yake. Romania ilifuta duru ya kwanza ya uchaguzi wa urais tarehe 6 Desemba 2024, na mgombea aliyeongoza duru hiyo alikuwa ametangaza kwamba hakutumia hata senti, huku TikTok ikiwa imejaa sura yake. Ukiona kampeni kubwa isiyo na gharama, jua kuna mtu anailipia.

Hatua ya 5: Mtambue mwenye ukurasa kabla ya kubishana naye

Mei 2019 Facebook iliondoa akaunti, kurasa na makundi 265 yaliyohusishwa na kampuni ya Archimedes ya Israeli, ambayo yalijifanya ya wenyeji na ya vyombo vya habari vya nchi kama Nigeria, Senegali na Togo. Oktoba mwaka huo ikaondoa mitandao mingine iliyohusishwa na Yevgeny Prigozhin wa Urusi, iliyolenga nchi nane za Afrika, Kongo na Msumbiji zikiwemo. Mbinu ilikuwa imebadilika kwa jambo moja zito: kurasa za Prigozhin zilikuwa zikiendeshwa kwa kiasi kikubwa na watu wa nchi hizo hizo, waliolipwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa Kenya, utafiti wa Mozilla wa 2021 ulionyesha vijana wakilipwa dola 10 hadi 15 kusukuma mada za uongo za siasa kwenye Twitter.

Kwa hiyo namba ya simu ya +254 haithibitishi kwamba ujumbe ni wa nyumbani, na namba ya +974 haithibitishi kwamba ni wa adui. Yawezekana ni shangazi yako aliye Qatar. Angalia mwenendo badala ya namba:

Fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa kwenye Facebook. Tazama tarehe ulipoanzishwa, majina uliyobadilisha, na kwa kurasa nyingi, nchi walipo wanaouendesha. Ukurasa wa "Habari za Kaunti" ulioanza kama ukurasa wa mapishi na kubadilisha jina mara tatu ni wa kushukiwa. Kisha ufungue maktaba ya matangazo, uchague Kenya, uandike jina la ukurasa, usome nani alilipia. Baada ya hapo chukua sentensi moja isiyo ya kawaida kutoka kwenye chapisho na uitafute neno kwa neno, ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Ikijitokeza kwenye akaunti ishirini ndani ya dakika kumi, pamoja na kosa lile lile la tahajia, umepata kiwanda. Isikilize lugha pia: Kiswahili kinachosema "mkuu wa mkoa" kuhusu Kenya ya leo kimeandikwa na mtu asiyejua kwamba hapa kuna gavana na kaunti.

Usilijibu chapisho hilo na usilisambaze ukilikanusha, kwa sababu kila jibu hulipandisha. Hifadhi anwani kamili, picha ya skrini yenye saa ya Afrika Mashariki, na nakala kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao. Peleka ripoti kwa jukwaa lenyewe, kwa kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha KE-CIRT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa wakaguzi wa habari kama Africa Check au PesaCheck. Kama ni uchochezi wa kikabila, ipelekwe pia NCIC, tume ya taifa ya uwiano na utangamano.

Msimamizi wa kundi la WhatsApp ana silaha moja nzuri: katika wiki ya mwisho, weka kundi wasimamizi pekee ndio waandike kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ujumbe wenye mishale miwili juu yake umeshapita mikono mingi kabla ya kufika kwenu. Usiusambaze mpaka aliyeuleta aseme aliutoa wapi.

Hatua ya 6: Jiandae kwa saa 48

Kampeni Kenya hufungwa saa 48 kabla ya kura. Uongo mkubwa hupenda dirisha hilo, kwa sababu aliyechafuliwa amefungwa mdomo na sheria. Ufaransa ilimwagiwa barua pepe za kampeni ya Emmanuel Macron usiku wa tarehe 5 Mei 2017, muda mfupi kabla ya kimya cha kampeni kuanza. Slovakia, siku mbili kabla ya kura ya 30 Septemba 2023, ilisambaziwa sauti bandia ya kiongozi wa chama cha Progressive Slovakia akipanga na mwandishi wa habari kununua kura. Na Kenya yenyewe, wiki ya mwisho ya Julai 2017, ilipata video za uongo zenye nembo za BBC na CNN zikitangaza kura za maoni ambazo mashirika hayo hayakuzifanya.

Wafaransa walifanya jambo la kuigwa: kampeni ilijua mapema kwamba inawindwa, ikaweka nyaraka za uongo ndani ya mafaili yake, na saa chache baada ya kumwagwa ikatoa tamko fupi kwamba imedukuliwa na kwamba ya kweli yamechanganywa na ya uongo. Tume yao nayo ikavionya vyombo vya habari visichapishe yaliyomo.

Andaeni yenu kabla ya tarehe 1 Agosti. Tamko la sentensi nne, la Kiswahili na Kiingereza, lenye nafasi tupu za saa na jina. Msemaji mmoja na naibu wake, wote wawili wakiwa na namba za wahariri wa zamu za usiku, na hasa za redio za lugha za nyumbani, ambazo mikutano ya wanahabari ya Nairobi huzisahau. Sauti safi ya mgombea ya dakika tano iliyorekodiwa studioni, ili mtaalamu awe na cha kulinganishia. Wakili aliyekwisha soma kanuni za kimya, aseme mapema ni kipi kinaruhusiwa kama kanusho na kipi kitahesabiwa kampeni. Lengo ni dakika 90 kutoka kuonekana hadi kukanushwa. Jaribuni mara mbili kwa kitu cha kubuni. Mara ya kwanza mtachukua saa tano, na mtagundua kwamba aliyetakiwa kuidhinisha tamko alikuwa amezima simu.

Hatua ya 7: Siku saba za baadaye

Malalamiko ya uchaguzi wa urais hufikishwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa mshindi, na mahakama huamua ndani ya siku 14. Hakuna muda wa kutafuta ushahidi. Kuna muda wa kuupanga tu. Nakala za Fomu 34A zipelekwe makao ya eneobunge siku ya pili, zikipangwa kwa wadi kisha kwa namba ya kituo, na kila anayezipokea atie sahihi na saa. Simu za mawakala zisibadilishwe wala kuuzwa mpaka kesi iishe. Wakala aliyeona kasoro aandike kiapo chake akiwa bado anakumbuka: saa, nani alikuwepo, tarakimu gani, alisema nini kwa msimamizi na alijibiwa nini.

Mkishuku mkono wa nje kwenye mitambo, msilete mahakamani kumbukumbu za seva mlizotumiwa na mtu msiyemjua. Mwaka 2022 zililetwa za namna hiyo, na Mahakama ya Juu haikuzipa uzito wowote; ziliharibu hata hoja zilizokuwa na msingi. Ombeni amri ya kukagua kumbukumbu zenyewe pale zilipo, mkiwa na orodha ya vituo, namba zake za tarakimu 15, picha ya asili, alama ya faili na karatasi yenye sahihi. Kituo kimoja chenye vitu hivyo vitano kinamshinda shahidi mwenye diski ya ajabu kutoka ng'ambo.